Jinsi ya Kutambua Mahali Kasi ya Programu Inapopotelea: Katika Lugha, Katika Kompaila au Katika Msimbo Wako

Swali la lugha ipi ina kasi kuliko nyingine huzuka kila mara mwanafunzi wa programu anapoanza lugha yake ya pili, na majibu anayopewa kwa kawaida ni ushabiki mtupu. Kinachotekelezwa na prosesa ni maagizo ya mashine, na ubora wa maagizo hayo hutegemea mambo ambayo sheria za lugha zinairuhusu kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine) kuyajua kwa uhakika kabla programu haijaanza kufanya kazi. Sheria zikiihakikishia kwamba kibadilika fulani ni namba kamili ya biti 32, au kwamba orodha mbili hazigusani kwenye kumbukumbu, kompaila hufuta kazi isiyo ya lazima; zisipoihakikishia, hulazimika kuifanya kazi yote, hata kama wewe mwandishi unajua fika kwamba haina haja.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ni LLVM, mradi wa zana za kujengea kompaila ulioanzishwa na Chris Lattner katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000. C inayopitia kompaila ya Clang, pamoja na Rust, Swift na Julia, zote hukabidhi msimbo wao kwa LLVM ili iuboreshe na kuugeuza kuwa maagizo ya mashine. Kwa hiyo nusu ya pili ya safari ni moja kwa lugha zote nne, na tofauti za kasi zinazobaki hutokana kwa sehemu kubwa na ahadi ambazo kila lugha inaweza kuzitoa katika nusu ya kwanza. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuzitafuta ahadi hizo katika programu yako mwenyewe, kuzitambua zile zinazokosekana, na kuamua la kufanya. Unachohitaji ni kompyuta yenye Linux, kompaila ya C ya GCC au Clang, na Python toleo la 3.11 au la baadaye.

Pima kabla ya kugusa chochote

Anza na amri `time ./programu`. Itakupa namba tatu: `real` ni muda wa saa ya ukutani, `user` ni muda ambao prosesa imetumia kwa msimbo wako, na `sys` ni muda ambao kiini cha mfumo endeshi kimefanya kazi kwa niaba yako. Ikiwa programu isiyotumia nyuzi nyingi (threads) ina `real` kubwa mno kuliko jumla ya hizo mbili nyingine, basi programu hiyo inasubiri diski, mtandao au hifadhidata, na hakuna kompaila itakayoisaidia. Shughulikia kwanza kile kinachosubiriwa. Ikiwa `user` ndiyo inayokula muda, tumia `perf record` kisha `perf report` ili kuona funksheni ipi inachukua sehemu kubwa, au `python3 -m cProfile` kwa msimbo wa Python. Mara nyingi utakuta funksheni moja au mbili ndizo zinazobeba karibu mzigo wote, na hizo pekee ndizo zinazostahili jasho lako.

Upimaji wenyewe una mitego, na mtego mkubwa kuliko yote hutokana na kompaila kuwa na akili kuliko mpimaji alivyodhani. Tazama kitanzi hiki cha C:

```
long jumla = 0;
for (long i = 0; i < n; i++)
    jumla += i;
```

Clang kwa kiwango cha `-O2` haikizungushi kitanzi hiki hata mara moja. Inatambua kwamba ni jumla ya mfululizo wa hesabu, inaweka kanuni ya kuzidisha na kugawanya kwa mbili mahali pake, na jibu linapatikana kwa muda uleule iwe `n` ni kumi au bilioni kumi. Na kama `jumla` haitumiki popote baada ya hapo, kompaila hufuta kila kitu. Mtu anayeilinganisha C na Python kwa kitanzi cha namna hii hapimi kasi ya kuzunguka, anapima uwezo wa kompaila wa kukwepa kuzunguka. Ili kipimo kiwe na maana, soma `n` kutoka kwenye mstari wa amri, chapisha jibu mwishoni, na ufanye ndani ya kitanzi kazi inayofanana na ile ambayo programu yako halisi inaifanya.

Mitego mingine ni midogo lakini hukera. Laptopu isiyochomekwa kwenye umeme hupunguza kasi ya prosesa ili kuokoa betri, na laptopu iliyopata joto hufanya hivyohivyo, kwa hiyo pima ikiwa kwenye chaji, rudia mara kadhaa, na uchukue thamani ya chini au ya katikati badala ya wastani. Kwa Java usiziamini sekunde za mwanzo kabisa, kwa sababu nitakayoieleza baadaye. Ziko zana kama JMH zilizoundwa kwa ajili hiyo.

Hakikisha kompaila imeruhusiwa kufanya kazi

Jambo hili ni rahisi kiasi cha kuonekana la aibu kulitaja, lakini malalamiko mengi kuhusu kasi huishia hapa. GCC isipoambiwa lolote hufanya kazi kwa kiwango cha `-O0`, ambapo kila kibadilika hukaa kwenye kumbukumbu na kila hatua ya hesabu huanza kwa kukisoma na kumalizika kwa kukiandika tena, ili mtu anayetafuta hitilafu aweze kusimamisha programu mstari wowote na kukuta thamani zote mahali pake. Kwa `-O2`, kibadilika kama `jumla` hukaa ndani ya rejista (hifadhi ndogo iliyo ndani ya prosesa) muda wote wa kitanzi, funksheni fupi humezwa ndani ya zile zinazoziita, na hesabu zinazojirudia hufanywa mara moja tu. Tofauti ya muda kati ya viwango hivi viwili katika msimbo wa hesabu mara nyingi ni maradufu kadhaa.

Rust ina tabia hiyohiyo: `cargo build` bila `--release` hutoa programu ya kutafutia hitilafu, yenye ukaguzi wa ziada na isiyoboreshwa. Mradi wa CMake (zana ya kuratibu ukompaili) ambao haukuwekewa `CMAKE_BUILD_TYPE` nao kwa kawaida hukompailiwa bila kiwango chochote cha uboreshaji. Kagua haya kwanza. Kisha jaribu `-O3`, na `-march=native` ikiwa programu itatumika kwenye mashine hiyohiyo iliyoikompaili; chaguo hili la pili huiruhusu kompaila kutumia maagizo yote ya prosesa yako badala ya yale tu yanayopatikana katika kila prosesa ya familia hiyo. Programu iliyokompailiwa hivyo inaweza kukataa kabisa kufanya kazi kwenye kompyuta ya zamani zaidi, kwa hiyo usiisambaze kwa wateja.

Ikiwa msimbo wako umegawanyika katika faili nyingi, ongeza `-flto`. Bila chaguo hilo kompaila hushughulikia faili moja moja, na funksheni iliyoandikwa katika faili nyingine haiwezi kumezwa kwa sababu kompaila haiioni.

Soma kile ambacho kompaila imeandika, na uliza imekosa kujua nini

Hapa ndipo kiini cha kazi kilipo. Amri `gcc -O2 -S faili.c` huandika maagizo ya mashine katika faili inayosomeka. Njia nyepesi zaidi ni Compiler Explorer, zana ya kwenye intaneti iliyoanzishwa na Matt Godbolt mwaka 2012, ambayo huonyesha msimbo wako upande mmoja na maagizo yake upande wa pili, kwa rangi zinazooanisha mstari na mstari. Huhitaji kuijua lugha ya mashine kwa undani. Inatosha kukipata kitanzi, kuhesabu maagizo yaliyomo, na kuangalia yapi kati yake yanagusa kumbukumbu.

Chukua mfano huu, ambao unaongeza kiasi kimoja kwa kila namba katika orodha:

```
void ongeza(int n, float *a, const float *k) {
    for (int i = 0; i < n; i++)
        a[i] = a[i] + *k;
}
```

Msomaji wa kawaida anaona kwamba `k` haibadiliki, kwa hiyo inatosha kuisoma mara moja kabla ya kitanzi kuanza. Kompaila haina uhakika huo. Sheria za C zinamruhusu mwitaji kupitisha anwani ya `a[3]` kama `k`, na akifanya hivyo, thamani ya `*k` itabadilika kitanzi kitakapofika kwenye nafasi ya 3. Kwa hiyo kompaila inasoma `*k` kutoka kwenye kumbukumbu katika kila mzunguko, au, kwa viwango vya juu zaidi, inaweza kuandika nakala mbili za kitanzi na kutanguliza ukaguzi wa kuamua ipi itumike. Neno `const` halisaidii kitu hapa, na wengi hudhani linasaidia: linaahidi tu kwamba hutaandika kupitia `k`, halisemi kwamba hakuna kielekezi kingine (yaani kibadilika chenye anwani ya kumbukumbu) kinachoandika mahali palepale.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza ni kunakili thamani mwenyewe, `float kiasi = *k;`, kabla ya kitanzi. Ya pili ni kutumia neno `restrict`, lililoingizwa katika C kwa kiwango cha mwaka 1999, kwa kuandika `float *restrict a`. Kwa kufanya hivyo unaapa kwamba kinachoandikwa kupitia `a` hakitafikiwa kwa njia nyingine ndani ya funksheni hiyo. Ukivunja kiapo hicho, kompaila haitakuonya, na majibu yatakuwa ya ovyo. Kompaili tena na uangalie: usomaji wa `k` utakuwa umetoka nje ya kitanzi, na kwa `-O3` utaona namba nne au nane zikijumlishwa kwa agizo moja.

Linganisha na Fortran. Kundi la John Backus katika IBM lilianza kazi hiyo mwaka 1954 na kuitoa kompaila ya kwanza kwa ajili ya mashine ya IBM 704 mwaka 1957, katika zama ambazo waandishi wa programu hawakuamini kwamba mashine inaweza kuandika maagizo mazuri kama wao. Hofu ya kundi hilo ilikuwa kwamba kompaila ikitoa msimbo wa polepole, hakuna atakayeitumia, na juhudi zao nyingi zilielekezwa huko. Fortran ya leo inamkataza mwandishi kupitisha vitu viwili vinavyogusana kwenye kumbukumbu ikiwa kimojawapo kitaandikwa. Kwa maneno mengine, ahadi ambayo katika C inabidi uiombe kwa neno la pekee, katika Fortran imo tangu mwanzo, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazoifanya lugha ya mwaka 1957 iendelee kutumika katika utabiri wa hali ya hewa na fizikia.

Rust ilipata ahadi hiyohiyo kwa njia nyingine kabisa. Sheria yake ya umiliki inasema kwamba rejeo la `&mut` ni la kipekee, yaani hakuna rejeo jingine linaloweza kufikia kitu hicho kwa wakati huo, na lengo kuu la sheria hiyo lilikuwa usalama. Kasi ilikuja kama faida ya pembeni. Jambo la kufurahisha ni kwamba Rust ililazimika kuizima faida hii mara kadhaa kwa sababu ya hitilafu ndani ya LLVM, ambazo hazikuwa zimegunduliwa kwa kuwa waandishi wa C hutumia `restrict` kwa nadra. Ilirejeshwa katika toleo la 1.54 la mwaka 2021.

Mfano wa pili unahusu namba za desimali, nao huwashangaza hata waandishi wazoefu. Andika kitanzi cha kujumlisha orodha ya `int`, kisha kingine cha kujumlisha orodha ya `double`, vyote kwa `-O3`. Cha kwanza kitatumia maagizo yanayojumlisha namba kadhaa kwa pigo moja; cha pili kitajumlisha moja baada ya nyingine. Kompaila haijasahau kitu. Kujumlisha namba za desimali kwenye kompyuta kunategemea mpangilio: jaribu katika Python `(0.1 + 0.2) + 0.3` nawe utapata 0.6000000000000001, ilhali `0.1 + (0.2 + 0.3)` inatoa 0.6. Sheria za C zinaitaka kompaila ihifadhi mpangilio ulioandika, kwa hiyo kila jumlisho husubiri lililotangulia limalizike, na katika prosesa nyingi za x86 za miaka ya karibuni hilo huchukua mizunguko 3 au 4 ya saa ya prosesa.

Ukiwa radhi mpangilio ubadilike, gawanya kazi mwenyewe: tumia vibadilika vinne vya jumla, kila kimoja kikichukua namba moja katika kila nne, kisha uvijumlishe mwishoni. Chaguo la `-ffast-math` hutoa ruhusa hiyo kwa programu nzima, lakini silipendekezi kulitumia kwa jumla. Pamoja na kuruhusu kupanga upya majumlisho, huiambia kompaila kwamba matokeo batili yanayoitwa NaN hayatatokea kamwe, na hapo ukaguzi wako wa `isnan` unaweza kufutwa kimyakimya. Programu inayopokea data kutoka kwa vipima joto au mashine za hospitali haifai kuishi bila ukaguzi huo.

Unapotaka kompaila yenyewe ikueleze kwa nini imeshindwa, tumia `-fopt-info-vec-missed` kwa GCC au `-Rpass-missed=loop-vectorize` kwa Clang. Taarifa zake ni ndefu na lugha yake ni kavu, lakini utaona mstari wa kitanzi chako na sababu ya kukataa, na mara nyingi sababu hiyo ni mojawapo ya hizi mbili nilizozieleza.

Kuna na upande wa pili wa ahadi. Katika C, kuvuka kikomo cha namba kamili yenye alama ni jambo ambalo sheria zinalichukulia kuwa halitokei, na kwa hiyo kompaila inaruhusiwa kuligeuza sharti la `x + 1 > x` kuwa kweli daima. Java inasema kwamba namba itazunguka na kurudi upande wa hasi, na Python inasema kwamba namba itaongezeka ukubwa bila kikomo. Kila jibu lina bei yake: C inapata kasi na kukuachia hatari, Java inakosa nafasi chache za uboreshaji, na Python inalipa katika kila jumlisho.

Lugha zisizotangaza aina: tazama kazi inayofanyika chini kwa chini

Chukua funksheni hii ya Python:

```
def jumlisha(orodha):
    jumla = 0
    for x in orodha:
        jumla = jumla + x
    return jumla
```

Andika `import dis` kisha `dis.dis(jumlisha)`. Katika toleo la 3.11 utaona kwamba kila mzunguko wa kitanzi una hatua saba za baitikodi (maagizo ya ndani ya Python): kuchukua kitu kinachofuata, kukihifadhi katika `x`, kupakia `jumla`, kupakia `x`, kujumlisha, kuhifadhi jibu, na kurudi juu. Hatua saba si nyingi. Gharama imejificha ndani ya ile ya kujumlisha, `BINARY_OP`. Kifasiri, yaani programu inayoyatekeleza maagizo hayo, hakijui kama `x` ni namba, neno, orodha au kitu ulichokibuni mwenyewe chenye maana yake ya kujumlisha, kwa hiyo ni kama fundi seremala anayelazimika kuupima ubao upya kila anaposhika msumeno. Inaangaliwa aina ya upande wa kushoto, kisha ya upande wa kulia, inatafutwa funksheni inayofaa, jibu linatengenezewa kitu kipya kwenye kumbukumbu, na hesabu ya marejeo ya kile cha zamani inapunguzwa ili kiweze kutupwa kikifika sifuri.

Kumbukumbu nayo inatumika kwa ukarimu. Andika `sys.getsizeof(1)` kwenye Python ya biti 64 na utapata baiti 28, ilhali `int` ya C ni baiti 4. Orodha yenyewe haina namba ndani yake, ina vielekezi vya baiti 8 vinavyoonyesha mahali namba zilipo.

Watunzaji wa CPython, kifasiri cha kawaida cha Python, wamefanya kazi kubwa kupunguza gharama hizi bila kubadilisha sheria za lugha. Toleo la 3.11 lina kifasiri kinachojirekebisha: kikiona kwamba jumlisho fulani hupokea namba kamili kila mara, hubadilisha hatua ile kuwa ya namba kamili pekee, huku kikibaki na ukaguzi mdogo wa kurudi nyuma iwapo mambo yatabadilika. Kwa vipimo vyao wenyewe, toleo hilo lilikuwa na kasi zaidi ya 3.10 kwa wastani wa asilimia 25. Hiyo ni faida ya bure kwa anayesasisha tu.

Kwa upande wako, kanuni ni moja: kitoe kitanzi ndani ya Python. Kuita `sum(orodha)` hufanya mzunguko uleule ndani ya msimbo wa C, wenye njia ya mkato kwa namba kamili. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, huenda mbali zaidi, kwa sababu huhifadhi namba zenyewe zikiwa zimepangana kwenye kumbukumbu, zote za aina moja, na hivyo kuirudishia kompaila uhakika ambao Python iliuondoa. Pale kazi isipokubali kuandikwa kwa NumPy, kompaila ya Python iitwayo Numba inaweza kukompaili funksheni moja kupitia LLVM wakati programu ikiendelea, na PyPy, utekelezaji mwingine wa Python, inaweza kuendesha programu nzima ya Python safi kwa kasi kubwa zaidi. Usishawishike, hata hivyo, kutumia `numpy.array` kisha kuizungukia kwa `for` ya kawaida. Hapo kila namba hutolewa na kufungiwa ndani ya kitu kipya cha Python, na matokeo yake huwa mabaya kuliko orodha ya kawaida.

Kompaila zinazofanya kazi programu ikiwa inaendelea

Java, C# na JavaScript hukompaili sehemu za moto, yaani zinazotekelezwa mara nyingi, wakati programu ikiendelea, zikitumia yale zilizoyaona. Mbinu nyingi kati ya hizo zilizaliwa katika lugha ya Self, iliyobuniwa na David Ungar na Randall Smith katika kituo cha Xerox PARC, na Lars Bak aliyefanya kazi katika mradi huo baadaye alishiriki kuijenga HotSpot, injini inayoendesha programu za Java, na kuongoza ujenzi wa V8, injini ya JavaScript iliyotoka pamoja na Chrome mwaka 2008. Kwa hiyo unapoandika JavaScript leo, unafaidika na utafiti wa lugha ambayo karibu hakuna anayeitumia.

V8 hukipa kila kitu umbo lililofichika, linaloeleza sehemu zake ziko wapi kwenye kumbukumbu. Vitu viwili vilivyopewa `jina` kisha `bei` vina umbo moja. Kimoja kikipewa `bei` kwanza, maumbo ni mawili. Funksheni inayopokea vitu vya umbo moja husoma sehemu zake kwa anwani ya moja kwa moja. Ikipokea maumbo mengi, hurudi kwenye utafutaji wa polepole. Hivyo weka sehemu zote ndani ya kiundaji, kwa mpangilio uleule, hata zile ambazo thamani zake bado ni `null`, na usifute sehemu kwa `delete` katika vitu vinavyotumika mara kwa mara.

Kwa Java, endesha programu yako kwa `-XX:+PrintCompilation` na utaona funksheni zikikompailiwa moja baada ya nyingine, zingine mara mbili: kwanza kwa haraka, kisha kwa umakini zaidi zikishathibitika kuwa za moto. Ndiyo maana sekunde za mwanzo hazifai kupimwa. Ndiyo maana pia Java inafaa kwa seva inayoishi wiki nzima kuliko kwa programu ndogo inayoanza na kufa ndani ya nusu sekunde. Angalia pia mahali ulipoandika `ArrayList<Integer>`: katika HotSpot, kila `Integer` kwa kawaida ni kitu cha baiti 16 chenye kielekezi juu yake, ilhali `int[]` hupanga baiti 4 kwa kila namba. Kwa orodha ndefu zinazopitiwa mara kwa mara, kubadilisha kwenda `int[]` mara nyingi hushinda marekebisho mengine yote.

Mpangilio wa kumbukumbu

Prosesa haisomi baiti 4 kutoka kwenye kumbukumbu kuu. Huvuta kipande kizima cha baiti 64, kwa prosesa za x86, na kukiweka kwenye kache, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu nayo. Jedwali la C la `int` lenye safu mlalo 4096 na safu wima 4096 huhifadhiwa mlalo baada ya mlalo. Ukilipitia kwa mlalo, kila kipande kinachovutwa kinakupa namba 16. Ukilipitia kwa wima, unaruka baiti 16,384 kila hatua, na katika kila kipande unatumia namba moja kabla hakijasukumwa nje ya kache. Fortran huhifadhi wima baada ya wima, kwa hiyo anayehamisha msimbo kutoka Fortran kwenda C bila kugeuza mpangilio wa vitanzi hupoteza kasi huku akiilaumu lugha. Wakati mwingine kompaila huweza kuvigeuza vitanzi yenyewe, usiitegemee.

Ukaguzi wa mipaka ya orodha, ambao Java, Go na Rust huufanya na C haiufanyi, ni gharama ndogo kuliko inavyosemwa. Kompaila huuondoa inapoweza kuthibitisha kwamba hauhitajiki, na katika Rust njia rahisi ya kuthibitisha ni kuandika `for x in &orodha` badala ya kuhesabu nafasi kwa `i`. Katika Go, `-gcflags=-d=ssa/check_bce` huonyesha mistari ambayo ukaguzi umebaki. Usizunguke ukaguzi huu kwa kutumia `unsafe` kabla hujaiona faida yake kwenye kipimo.

Ikiwa imebidi kubadilisha lugha

Baada ya hatua zote hizi huenda bado funksheni moja ikabaki nzito, na hapo kuiandika upya kwa C au Rust ni uamuzi wa busara, mradi usihamishe programu nzima. Zingatia mahali pa kukata. Kila wito unaotoka Python kwenda C hufungua vitu, hukagua aina, na hufunga jibu ndani ya kitu kipya, na gharama hiyo inaweza kuzidi hesabu yenyewe ikiwa hesabu ni fupi. Funksheni ya C inayojumlisha namba mbili na kuitwa mara milioni moja kutoka Python haitakupa kitu. Funksheni inayopokea orodha yote ya namba milioni moja na kuitwa mara moja itakupa karibu kasi yote ya C. Kwa hiyo hamisha kitanzi pamoja na kilichomo, pitisha data kwa mpangilio wa NumPy au wa kumbukumbu iliyopangana ili isinakiliwe, ikompaili kwa `-O2`, na upime tena kwa data ileile uliyoanza nayo.